Mtoto wa mwaka na nusu anakohoa usiku kucha, tiba gani za nyumbani zinasaidia kweli?

MamaZ_Pipeline

Wazazi wenzangu habari zenu, naomba msaada kwa huyu wangu. Ako na mwaka mmoja na nusu, mchana anacheza vizuri tu, anakula ijapokuwa si kama kawaida yake, lakini ikifika usiku nikimlaza tu ndio kikohozi kinaanza, anakohoa mpaka anaamka akilia na mara ingine anatapika maziwa yote yenye amekunywa. Kamasi ni nyingi, ile ya maji maji, mwili si moto sana. Tunakaa huku mtaa wa Pipeline, Nairobi, kwa fleti, dirisha la chumba linaangaliana na ukuta wa ploti ingine kwa hivyo jua haliingii, na mnajua hii Julai venye baridi imekuwa.

Nilipitia kemisti pale chini wakaniambia kuna dawa ya maji ya kikohozi na wakanishauri nichukue na antibayotiki kabisa, sikununua, nikasema wacha niulize kwanza. Jirani anasema nimpake balm kifuani na chini ya pua. Mamangu kwa simu anasema nikate kitunguu niweke chini ya kitanda. Halafu kuna shangazi ya babake anasisitiza tumpeleke akakatwe kimeo, ati ndio kinamkwaruza koo, na hiyo ndio inaniogopesha zaidi ya zote kwa sababu babake ameanza kukubali.

Sasa nauliza wale mmepitia hii, hiyo saa ya usiku mtoto anakohoa mnafanyanga nini? Gani inasaidia na gani niachane nayo? Asali naskia ni nzuri lakini ni kiasi gani, na ya kutoka wapi, maana hii ya kuuzwa kwa chupa barabarani sina imani nayo.

Shosho_Githurai

Pole sana mwanangu, usiku wa mtoto mgonjwa ni mrefu. Huyo wako ameshapita mwaka kwa hivyo asali anaruhusiwa, akiwa hajafikisha mwaka usijaribu hata kumpaka kwa ulimi. Mimi wajukuu wangu nawapea kijiko kile kidogo cha chai, nusu au kimoja, hivyo hivyo bila kuchanganya na kitu, kama nusu saa kabla walale. Ukiona anaikataa weka kwa maji ya vuguvugu kidogo kwa kikombe na ukamulie ndimu matone machache. Yasiwe maji moto, awe anaweza kunywa bila kupuliza.

Tangawizi pia ni nzuri lakini watu wanaiweka kali sana kwa mtoto. Kata kipande kidogo tu, ponda, chemsha na maji, chuja, wacha ipoe, halafu ndio uweke hiyo asali. Ikimchoma mdomo atalia na akilia kikohozi kinazidi, sasa umemsaidia nini? Majani ya chai usiweke, mtoto hana haja nayo, inazuia yale madini ya chuma ya chakula, yanayojenga damu, yasiingie mwilini vizuri.

Na hayo maziwa anayotapika, mpe mapema. Mtoto mwenye makohozi ukimjaza maziwa chupa nzima halafu umlaze hapo hapo lazima yarudi. Mpe uji au supu saa kumi na mbili, saa moja hivi, halafu karibu na kulala anywe kidogo kidogo tu. Supu ya mifupa au ya kuku isiyo na pilipili, moto wa kawaida, inalainisha koo na inampa nguvu hata kama hali vizuri. Kama bado ananyonya basi mnyonyeshe kila akiamka, hiyo haina kipimo.

Kitunguu chini ya kitanda nimekiona tangu nikiwa msichana. Hakimdhuru mtoto lakini sijaona kikiponya mtu. Mimi kitunguu changu naweka kwa supu.

BabaWawili_Kasarani

Mama Z pole. Wacha niongee mambo mawili tu, pua na hewa, kwa sababu hapo ndio sisi tulipata usingizi.

Pua kwanza. Mtoto wa umri huo hajui kupenga kamasi, kwa hivyo akilala ile kamasi yote inateremkia nyuma ya koo na inamkwaruza ndio anakohoa. Ndio maana mchana anacheza poa na usiku inakuwa vita. Sasa ukitibu kifua na pua umeacha imeziba, unazunguka tu. Nenda kemisti uitishe normal saline ya pua, yale maji ya chumvi kwa kichupa kidogo, si ghali. Mlaze chali, matone mawili matatu kwa kila tundu, ngoja kidogo, halafu unyonye na ile pampu ya mpira, binya kabla ya kuingiza puani na uachilie polepole. Fanya hivyo kabla ya kula na kabla ya kulala. Atapiga kelele, wangu alikuwa anapigana kama tunamuua, lakini dakika tano baadaye unaskia pumzi inapita vizuri na analala. Usinyonye kila saa kwa sababu pua ya ndani inavimba. Na pampu uioshe na maji moto na sabuni kila ukimaliza, ikauke, hiyo kitu ikikaa na unyevu ndani inaota ukungu.

Sasa hewa. Na hapa naomba unisikie vizuri kwa sababu uko Pipeline na ni Julai. KAMA UNAINGIZA JIKO LA MAKAA NYUMBANI KUPASHA JOTO, ACHA. Hata kama limeshika vizuri na halitoi moshi. Makaa yanatoa kaboni monoksaidi, haina harufu na haina rangi, na katika chumba kimoja chenye dirisha limefungwa inaweza kuua familia nzima wakiwa wamelala, na kila msimu wa baridi tunaskia habari kama hizo hapa Nairobi. Hata isipoua, moshi na vumbi la jivu ndio vinaamsha kikohozi. Stovu ya mafuta taa ni hivyo hivyo. Ile koili ya mbu pia ni moshi, badala yake tumia neti. Kama kuna mtu anavuta sigara, avutie nje kabisa, si kwa mlango, na abadilishe shati kabla ya kumbeba mtoto.

Kupasha joto sisi tunamvalisha nguo mbili tatu nyepesi na soksi, na tunafungua dirisha kidogo mchana hata kama kuna baridi ili hewa ibadilike. Nguo zilizofuliwa msianike ndani ya chumba chenye mtoto analala, ukuta unashika ukungu mweusi na hiyo mtoto anavuta usiku mzima. Ukiona ukuta umeshashika, sugua na maji na jiki mtoto akiwa nje, na usukume kitanda kitoke ukutani.

BintiPwani_SouthC

Dadangu MamaZ, mimi nimekuja kwa hilo la kimeo peke yake, kwa sababu kwetu Pwani nimeliona kwa macho yangu na nakuomba, nakuomba sana, usimpeleke mtoto.

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, kila mtu anacho na kimewekwa na Mungu kwa kazi yake, kinasaidia kuziba njia ya pua wakati wa kumeza. Mtoto akiwa na mafua koo lote linavimba na kuwa jekundu pamoja na hicho kimeo, sasa mtu akimulika tochi mdomoni anakiona kimevimba anasema hicho ndicho ugonjwa. Wanaokata wanatumia wembe au kisu kilichopindwa, hakuna ganzi, hakuna kuchemsha vyombo. Mtoto anaweza kutokwa na damu asiweze kuzuiwa, damu inaingia kwenye mapafu, au anapata uambukizo, hata pepopunda. Na kikohozi hakikatiki kwa sababu hakikuwa kinatoka huko. Wale wanaosema alipona baada ya kukatwa, mafua yale yangeisha yenyewe siku zile zile.

Kuhusu huyo shangazi, najua si rahisi kumkatalia mtu mzima wa upande wa mume. Usimjibu kwa ukali. Mwambie, shangazi tumemsikia na tunashukuru kwa kumjali mtoto, tumeamua apitie kliniki kwanza aangaliwe koo na daktari. Neno likitoka kwa daktari mbele ya babake, mjadala umekwisha, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Na babake aende naye kliniki, si wewe peke yako, asikie kwa masikio yake.

Kingine, kwa sisi wa Pwani tunaopenda kufukiza udi na ubani, mtoto akikohoa tuache mpaka apone. Harufu ni nzuri lakini moshi ni moshi.

Nesi_ZamuYaUsiku

Nimesoma yote. Mimi ni nesi kwa kituo cha afya cha serikali hapa Nairobi na huu msimu kuanzia Juni mpaka Agosti foleni yetu nusu ni hiki kikohozi. Nitaandika ndefu kidogo, mnivumilie.

Mama Z, kwa maelezo yako, kamasi ya maji maji, anacheza mchana, joto si kubwa, hii inafanana na mafua ya kawaida ya virusi. Mtoto mdogo anaweza kuyapata mara 6 hadi 8 kwa mwaka, na akiwa anaachwa dekea hata zaidi, kwa hivyo usifikirie unafanya kitu kibaya. Kikohozi chenyewe kinaweza kukaa wiki 2, kwa wengine hata karibu 3, huku mtoto akiwa anaendelea vizuri. Antibayotiki haiui virusi. Itamharisha tu na kufanya siku akiihitaji kweli isifanye kazi, umefanya vizuri sana kutoinunua.

Hizo dawa za maji za kikohozi pia waachie. Marekani FDA, mamlaka yao ya dawa na chakula, walionya tangu 2008 kwamba dawa za kikohozi na mafua za dukani zisipewe watoto chini ya miaka 2, kwa sababu faida haijaonekana na madhara yapo, moyo kwenda mbio, degedege, kulala kupita kiasi. Yenye kodeini ndio kabisa, mtoto yeyote chini ya miaka 12 asipewe. Na mnakumbuka 2022 huko Gambia, watoto zaidi ya 60 walikufa kwa figo na WHO wakatoa onyo kuhusu dawa nne za maji zilizopatikana na sumu ya daiethilini glaikoli. Hata hapa kwetu, Aprili 2024 Pharmacy and Poisons Board, ile bodi ya serikali inayosimamia dawa, waliagiza bachi moja ya dawa ya kikohozi ya watoto iondolewe madukani baada ya Nigeria kusema wameipima na kupata sumu hiyo hiyo. Sisemi kila chupa ina sumu. Nasema kama dawa haimsaidii mtoto wa umri huu, kwa nini umnyweshe? Na ile tabia ya kumpea mtoto dawa ya aleji ndio alale, tafadhali tuache.

Asali ndio imefanyiwa utafiti. Kuna mmoja wa Israel uliochapishwa 2012, watoto 300 wa mwaka 1 mpaka 5 wenye mafua. Wengine walipewa gramu 10 za asali nusu saa kabla ya kulala, wengine sharubati ya tende yenye utamu unaofanana ili wazazi wasijue ni gani. Wote usiku uliofuata walikuwa afadhali kidogo, maana mafua huisha yenyewe, lakini wale wa asali walikohoa kidogo zaidi na wakalala vizuri zaidi. Kwa hivyo alivyosema shosho ni sawa, nusu kijiko mpaka kijiko kimoja cha chai, na umsafishe meno kabla alale kwa sababu asali ni sukari.

Balm hapana kwa huyu. Zile zenye kafuri haziruhusiwi kwa mtoto chini ya miaka 2, na kwa mtoto yeyote hazipakwi puani wala mdomoni. Kafuri ikimezwa hata kidogo inaweza kuleta degedege haraka, na mtoto wa umri huo analamba kila kitu, kwa hivyo hata hicho kikopo kiwekwe juu mbali.

Mvuke wa beseni pia hapana. Kila mwaka tunapokea watoto wamechomeka na maji ya kujifukiza, beseni linapinduka sekunde moja tu. Nguo zenye joto, pua safi na vinywaji vinatosha. Akiwa na joto na anasumbuka, paracetamol ya watoto kulingana na uzito wake, si umri pekee, na si zaidi ya mara 4 kwa saa 24. Aspirini asipewe mtoto.

Sasa hiki ndicho nataka kila mzazi hapa ashike. Kikohozi chenye kelele kinatuogopesha, lakini kinachotuambia hatari ni PUMZI. Mtoto akiwa ametulia au amelala, funua tumbo, weka saa ya simu dakika moja nzima, hesabu mara tumbo linapanda. Kwa mtoto wa mwaka 1 mpaka 5, ikiwa 40 au zaidi ni nyingi. Wa miezi 2 mpaka kabla hajafika mwaka ni 50 au zaidi. Chini ya miezi 2 ni 60. Usihesabu akiwa analia au ametoka kukimbia, utajidanganya. Halafu angalia chini ya mbavu, je, akivuta pumzi pale panaingia ndani? Hizo mbili, au hata moja, inaweza kuwa nimonia, na nimonia haitibiwi na asali.

Peleka hospitali usiku huo huo bila kungoja asubuhi ikiwa mbavu zinaingia ndani, midomo inageuka samawati, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amelegea haamki vizuri, amepata degedege, au akivuta pumzi anatoa sauti ya mkwaruzo akiwa ametulia. Na kama alikuwa anakula njugu au anachezea vitu vidogo halafu ghafla akaanza kukohoa bila mafua yoyote, hiyo ni dharura, inawezekana kitu kimeingia kwenye njia ya hewa. Kwa upande wako wa Eastlands, hospitali ya Mama Lucy iko wazi usiku na mchana.

Na utoe kile kitabu cha kliniki uangalie chanjo. Ile ya wiki 6, 10 na 14 inakinga kifaduro na nimonia ya aina kadhaa, na sindano ya surua ya miezi 9 ina ya pili miezi 18, ambayo wako ndio ameifikia. Mafua madogo hayazuii chanjo.

MamaZ_Pipeline

Mungu awabariki nyote, nimesoma nikamsomea babake yote. Nimemhesabu akiwa amelala ametulia, ni 32, na mbavu haziingii. Maji ya chumvi nimenunua. Jiko tulikuwa tunapikia nje kwa korido, sasa nimekataa kabisa liingizwe hata kwa dakika. Kliniki tunaenda pamoja kesho kwa ile sindano ya miezi 18 na hapo ndio tutauliza hiyo mambo ya kimeo mbele ya daktari.

Swali lingine, nimwekee mto akilala? Na je, naweza mpea asali katikati ya usiku akiamka akikohoa ama ni ile moja tu ya kulala?

MamaKadogo_Rongai

Mimi pia nina swali hapo kwa asali. Wangu ako na miezi saba na anakohoa hivyo hivyo. Nikichemsha asali kwanza si itakuwa sawa? Ama nimpakie kidogo tu kwa chuchu ya kunyonya.

Nesi_ZamuYaUsiku

Mama Kadogo, hapana, na hata ukiichemsha bado hapana. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria inayoitwa Clostridium botulinum, na hizo mbegu haziuliwi na kuchemsha kwa sufuria ya nyumbani. Tumbo la mtoto ambaye hajafika mwaka haliwezi kuzizuia, zinaota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumua. Ni ugonjwa unaotokea mara chache lakini ukitokea ni wa ICU. Kidogo kwa chuchu ni kile kile. Wako wa miezi 7 mpe maziwa ya mama kila mara, safisha pua na maji ya chumvi, na kwa sababu ni mdogo mimi ningependa aonekane kliniki akikohoa zaidi ya siku mbili tatu au ukihesabu ukapata 50. Kama kuna CHP, yule mhudumu wa afya ya jamii, wa mtaa wenu muite, anaweza kukuonyesha venye unahesabu.

Mama Z, 32 iko sawa. Rudia kuhesabu jioni na ukishtuka usiku, hali inaweza kubadilika. Asali ukimpea tena mara moja usiku si shida, usizidishe tu. Mto wa kawaida sipendi kwa mtoto mdogo, shingo inapinda na anaweza kuuzamisha uso humo. Kama mnalala naye na anakohoa sana, mbebe wima kifuani mpaka kikohozi kitulie na pua umsafishe, halafu umlaze tambarare.

Mwalimu_Kayole

Naongeza kitu kimoja kwa wale wataisoma hii baadaye. Kuna kikohozi cha usiku ambacho si mafua. Mwanangu alikuwa anakohoa usiku, anapona, anarudia, kila tukifagia ama baridi ikiingia, na kifua kinapiga filimbi. Watu walituambia ni baridi, wengine ni minyoo. Ilikuwa asthma. Alipopata inhela mambo yakabadilika kabisa. Watu wanaogopa inhela wanasema mtoto atazoea, si kweli, dawa inaenda moja kwa moja kwenye mapafu na kipimo chake ni kidogo kuliko cha kunywa.

Mtoto mdogo hawezi kuvuta inhela peke yake, anahitaji spesa, kile chombo cha plastiki kinachounganishwa na inhela ili dawa ikae humo mtoto aivute polepole. Ile ya duka ilikuwa ghali kwetu wakati huo, na kliniki walitutengenezea moja kwa chupa ya plastiki ya soda ya nusu lita, wakatoboa chini tundu la ukubwa wa mdomo wa inhela. Nilidhani ni ya kubahatisha lakini wakanieleza imepimwa Afrika Kusini miaka ya tisini na ikafanya kazi sawa na za kununua. Walitufundisha kuishika, wasipofundisha uliza. Kwa hivyo kikohozi kikirudi rudi, ama kikiwa na filimbi, ama kikipita wiki 2 bila kupungua, aonekane. Na kama kuna mtu mzima kwa nyumba anakohoa muda mrefu na anapungua uzito, mseme hivyo kwa daktari, mtoto apimwe TB pia. Vipimo na dawa za TB kwa hospitali za serikali havilipishwi.

Shosho_Githurai

Mwanangu umefanya vizuri kwenda na babake. Sasa ile ya asali ulikuwa umeuliza ya wapi na hakuna amekujibu.

Hizi za chupa barabarani nyingi zimechanganywa na sukari guru iliyochemshwa. Watu watakuambia uweke kwa kiberiti ama kwa maji uone kama inazama, hizo zote wauzaji wanazijua na wanazipita. Mimi natafuta mtu ninayemjua anatoka Mwingi, Kitui ama Baringo, mwenye mizinga kwao, analeta kwa mtungi. Kama huna mtu, nunua ya supamaketi yenye alama ya KEBS, wale wa viwango vya ubora, na jina la aliyepakia, chupa ndogo kwanza. Ikigandamana kwa hii baridi usiitupe, asali nzuri nyingi huganda, weka chupa kwa maji ya vuguvugu itarudi. Na kijiko cha kuichota kiwe kikavu kila mara, maji yakiingia inachacha.

BintiPwani_SouthC

Na ukitoka kliniki utuambie daktari alisema nini kuhusu kimeo, kuna dada zangu wawili wa ukoo wanaambiwa hayo hayo na nataka niwatumie.